Saa ya Baba Mkwe

Yule mbwa alikuwa anaogeshwa na maji moto. Sisi tulioga mtoni, huko Chania, na baridi ya asubuhi pale si ya kuzungumziwa, lakini mbwa wa meneja alichemshiwa debe zima kila Jumamosi, na mpishi ndiye alikuwa anapima kwa kiwiko kama maji yako sawa. Mbwa mrefu, rangi ya chai ya maziwa, muoga wa radi. Mvua ikinguruma alikuwa anaingia chini ya trekta na hatoki mpaka meneja mwenyewe aje kumbembeleza kwa Kizungu.

Lile lilikuwa shamba la kahawa, upande wa juu wa Thika. Baba yangu alikuwa mtu wa kupogoa miti hapo, na baba wa rafiki yangu alikuwa mtu wa mashine ya kukoboa. Rafiki yangu huyu nitamtaja sana, kwa hivyo niseme mapema tulitahiriwa msimu mmoja, na ndiyo maana ananiita wakini mpaka leo, mimi pia namwita wakini. Ni kusema watu wa rika moja. Shule tuliacha pamoja, darasa la nne, yeye kwa sababu ya karo na mimi kwa sababu yeye ameacha.

Sasa, meneja alikuwa haamini mtu mwingine na yule mbwa. Alikunja shati, akapiga magoti kando ya karai la bati, akaingiza mikono yote ndani ya maji mpaka kiwikoni, na saa yake mkononi. Haitoi. Sisi tumesimama nyuma ya ua, tunangoja saa ife. Saa za watu wengine wachache tuliowajua zilikuwa zinakufa hata kwa jasho. Karani wa shamba alikuwa na moja ambayo alikuwa anaifunika na kitambaa kukinyunya. Ya meneja ilizama kwenye povu, ikatoka, ikang'aa, ikazama tena. Mbwa akijikung'uta anaimwagia mate pia.

"Hiyo saa inapumua chini ya maji," wakini akaniambia.

Nilimwambia aache ujinga. Lakini yeye alisimama pale mpaka mbwa akakaushwa, na Jumamosi iliyofuata alikuwa wa kwanza nyuma ya ua. Mimi nilikuwa naangalia mbwa. Yeye alikuwa anaangalia mkono.

Miaka ilikwenda. Yeye alijifunza kuendesha gari akawa dereva wa meneja yule yule, halafu wa meneja aliyekuja baada yake, na mimi nikaingia kiwanda cha nguo Thika, nikashona magunia ya kufungia bidhaa mpaka macho yakachoka. Shamba siku hizi ni maghorofa. Ukipita huko utaona nguo zimeanikwa mahali miti ya kahawa ilikuwa. Wakini alinunua kaploti Ngoingwa kabla bei haijapanda, akajenga, akazaa, akastaafu. Saa hakununua. Alikuwa anauliza watu saa, au anaangalia simu. Lakini ile hadithi ya mbwa na karai aliisimulia kila mahali, kanisani, kwa kinyozi, kwenye matanga ya watu asiowajua vizuri. Ilikuwa hadithi yake. Mimi nimeisikia mpaka ningeweza kumshika mkono na kumwonyesha mahali anaruka.

Hapo ndipo mambo yalianzia, kwa hiyo hadithi.

Binti yake wa mwisho alisomea huko karibu na Kahawa Wendani, akapatana na kijana wa Ruiru. Wakaishi pamoja kama vijana wa sasa, wakapata mtoto, halafu siku moja binti akarudi Ngoingwa na mtoto mgongoni na godoro limefungwa kwenye bodaboda. Sitaki kusema mengi ya wakati huo. Wakini aliacha kuja kwa kinyozi. Mke wake alikuwa anaenda kanisani ibada ya mapema, ile ya watu wachache. Halafu kijana akaja mwenyewe, akaomba msamaha, akasema anataka kumchukua binti kwa njia ya heshima, alete ruracio, yaani mahari, wazee wakae chini. Tulifurahi. Ile ndoa ilikuwa inashonwa mahali ilipochanika, na mtu yeyote aliyewahi kushona atakwambia mahali hapo hutaki kuvuta tena.

Siku kijana alikuja mara ya kwanza kujitambulisha, wakini akamsimulia karai na mbwa. Akamaliza kwa kucheka, "Mimi sina haja na koti wala fimbo ya baba mkwe. Nikipata saa kama ya yule mzungu nitakufa nimeshiba."

Alikuwa anafanya mzaha. Kijana hakucheka. Alikuwa anasikiliza kama mtu anayeandika moyoni.

Mimi ndiye nilikuwa msemaji wa upande wetu siku ya ruracio. Kwa wale hawajui, baba wa binti haongei siku hiyo. Anakaa kama mgeni kwake mwenyewe, na mtu wa rika lake anaongea kwa niaba yake, anapokea kila kitu kwa mkono wake. Upande wa Ruiru msemaji alikuwa baba mdogo wa kijana, mzee wa kanisa, mtu aliyenyooka kama nguzo ya stima, ndiye aliyemlea kijana baba yake alipofariki. Tukapokea mbuzi, tukapokea blanketi, tukapokea kofia. Halafu yule baba mdogo akatoa kisanduku cha kijani, akasema ukoo wao umechanga, wamesikia baba yetu ana hamu ya kitu fulani, na wao si watu wa kuleta kitu cha barabarani.

"Hii ni orijino," akasema. "Na karatasi zake ziko ndani."

Nilifungua kisanduku. Nilimvalisha wakini kwa mkono wangu huu. Wanawake walipiga ngemi, vigelegele vya kwetu. Ilikuwa nzito, rangi ya fedha, uso mweusi, na juu ya tarehe kulikuwa na kajicho ka kioo ka kukuza. Wakini hakusema kitu maana siku hiyo hasemi, lakini niliona anakunja mkono wa shati ili saa ionekane. Baadaye binti na kijana wakakata kiande, lile bega la mbuzi, na kiande kikishakatwa mambo yameisha, huyo ni mke wa mtu.

Kuna kitu kimoja cha ruracio ambacho hata mtoto wetu anajua. Kitu kikishapokelewa hakipimwi na hakirudishwi. Mbuzi akifa usiku ule ule, amefia kwako. Blanketi likiwa na tundu, unalala na tundu. Ukirudisha hata kofia, umesema neno moja tu, kwamba unataka msichana wako. Hakuna maana nyingine.

Basi wakini akawa mtu mpya. Alikuwa anapalilia sukuma nyuma ya nyumba na saa mkononi. Kanisani alikaa mkono umelazwa juu ya kiti cha mbele, na mhubiri akipitisha wakati anainua mkono polepole, anaangalia, anaushusha. Nikikutana naye njiani ananiambia ni saa ngapi sijauliza.

"Saa tano na dakika nane, wakini."

"Sikukuuliza."

"Sasa unajua."

Hakuoga nayo, lakini. Niliona hilo. Mtu aliyeongea juu ya karai miaka yote hiyo alikuwa anatoa saa anaiweka juu ya rafu kabla ya kuosha uso. Nafikiri alikuwa anaogopa kuuliza swali ambalo tayari lina jibu. Mpaka siku ya mazishi ya jirani, ambapo vijana wanapita na jagi kunawisha watu, akasahau, akanyoosha mikono, akanawa vizuri mpaka juu kama mtu anayetaka kula. Tukiwa kwa wali, akaniguza. Kioo kilikuwa kimeingia ukungu kwa ndani, kama dirisha la jikoni. Kufika jioni mshale umesimama.

Tulienda kwa fundi wa saa Thika, ana kameza chini ya ngazi za jengo moja, na lenzi imefungwa kichwani na mpira. Aliishika, akaipima kwa kiganja, akakizungusha kile kichwa cha pembeni.

"Wazee, hii mliitoa wapi?"

"Wewe tengeneza," wakini akasema. "Maji imeingia kidogo."

"Maji haiingii kwa zile zenyewe. Hiki kichwa kwa orijino kinafungwa kama kifuniko cha chupa, na kuna mpira ndani. Hapa wamechora tu hizo nyuzi, zinazunguka bure." Akaiweka sikioni, halafu akakumbuka imekufa. "Ilipokuwa hai mshale wa sekunde ulikuwa unateleza ama unaruka?"

"Ulikuwa unaruka."

"Orijino ya aina hii inateleza kama mafuta. Lakini siku hizi hata za kopi kuna zinazoteleza, mzee, sitaki kukudanganya. Kuna kopi zingine mpaka nifungue mgongo ndiyo nijue, na hata nikifungua nakuna kichwa kwanza. Uzito wameweka, maandishi wameweka, namba wameandika, sanduku, kadi. Hii si ya zile. Hii ni ya zile za kawaida." Akaangalia uso wa wakini. "Ni ya nani?"

"Ya mkwe wangu. Ya ruracio."

Fundi akatoa lenzi. Akapanguza saa na kitambaa, akairudisha kwa heshima na mikono miwili. "Basi mimi sijasema kitu," akasema, na hakutaka hata tumlipe kwa kuangalia.

Nataka kusema jambo hapa kabla sijasahau. Haya meno yangu ya chini si yangu. Nilitengenezewa na yanatafuna nyama kuliko yale niliyozaliwa nayo, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama ni orijino. Nilimwambia wakini hivyo tukitoka. Saa ya kopi inakuambia saa nne ikifika saa nne, na ya mzungu inakuambia saa nne hiyo hiyo. Akasimama barabarani.

"Meno ulijua unanunua meno," akasema. "Huyu mtoto ameibiwa."

Nikaona ameenda upande huo, na nikashukuru. Kwa akili yake kijana ni mtu safi aliyeuziwa feki na mwizi wa Nairobi. Hakuwa na hasira hata kidogo. Alikuwa anamhurumia. Akaanza kupanga vile kijana ataichukua saa na ile kadi iliyo kwenye sanduku, awapelekee wenye duka, wambadilishie.

"Wakini," nikasema, "kitu cha ruracio hakirudishwi."

"Sirudishi. Inatengenezwa."

"Ikitoka mkononi mwako ikaingia mkononi mwake, imerudi."

"Wewe ulikuwa msemaji siku moja, sasa umekuwa msemaji wa kila siku."

Nilijua siwezi kumzuia kwa mdomo, kwa hivyo nikashuka Ruiru kumtafuta kijana bila kumwambia mtu. Ana kaduka karibu na steji, kapana kama mlango, kava za simu, chaja, miwani. Na saa. Zilikuwa zimepangwa kwenye kioo kama mayai, na katikati kulikuwa na tatu ndugu za ile ya wakini, kajicho na yote.

Alifuata macho yangu. Akanipa kiti.

"Guka," akaniita, kama mtu anavyomwita babu yake, "wacha nikuambie ukweli. Orijino ya hiyo ningetoa wapi? Hata tukiuza duka na mwenye duka."

"Baba yako mdogo alisema ni orijino mbele ya watu."

"Anajua ni orijino. Ukoo ulichanga, lakini ile michango haingenunua hata mkanda wake. Nikaona aibu kuwaambia. Nikaongeza nikachukua kopi, nikanyamaza."

Akatoa simu akanionyesha picha mbili, orijino na kopi nzuri, zimewekwa pamoja. "Niambie ni gani." Niliangalia mpaka machozi yakanitoka. Nikaonyesha ya kushoto. "Hiyo ni kopi," akasema, na hakucheka. "Usijali. Mimi pia nakosea, na ndiyo kazi yangu. Baba alitaka saa kama ya yule mzungu. Nilimpa kama ya mzungu. Mimi sikumdharau, Guka. Kila nikimwona ameivaa nilikuwa nasikia vizuri."

Nilimwamini. Nikamwambia saa imekufa, na baba mkwe wake anataka kumpa aipeleke dukani. Akashika kichwa na mikono miwili. Akaniomba nimwapie sitamwambia wakini, kwa sababu wakini akijua, baba mdogo atajua, na baba mdogo ni mtu wa kukata mtu na asimtazame tena. Tukapatana hivi. Atatafuta kopi nzuri, ya zile hata fundi anakuna kichwa, inayokaa kwa maji. Akija Ngoingwa atambadilishia kimya kimya jikoni. Iliyokufa inaingia mfukoni, iliyo hai inaingia mkononi, na hakuna mzee anaona. Mimi kazi yangu ilikuwa moja, kumwambia wakini angoje.

Nilimwambia. "Ngoja."

"Nangoja nini?"

Sasa hapo ningesema nini. "Ngoja tu. Usitoe hiyo saa mbele ya watu."

"Unaongea kama mtu aliye na siri."

"Sina siri. Ngoja."

Jumapili hiyo tulikuwa tumekaa kwake baada ya ibada, chapati ziko mezani. Geti likafunguka akaingia binti na mtoto, akaingia kijana, na nyuma yao, hakuna aliyetuambia, akaingia baba mdogo. Alisema amekuja kuona mjukuu. Kijana aliniangalia mara moja na kugusa mfuko wa koti. Nikajua amekuja nayo. Tulihitaji dakika chache tu, na jikoni.

Nikasema kijana anisaidie kubeba maji. Mke wa wakini akasema maji yako, kaa, wewe ni mgeni. Nikasema basi anionyeshe kitu kwenye simu huko nje. Wakini akasema simu baadaye, tuombee chakula. Tukaombea. Nikafungua macho, kiti chake kiko tupu, na huyo wakini anarudi kutoka chumbani na kile kisanduku cha kijani mkononi.

"Wakini, kaa kwanza," nikasema. "Chai inapoa."

"Ni kitu cha dakika moja." Akakiweka mbele ya kijana, polepole, kama mtu anayempa mtoto zawadi. "Chukua, baba. Uwarudishie hao watu."

Baba mdogo akaweka kikombe chini. "Sikusikia vizuri. Mmerudisha?"

"Si kurudisha kwenu. Arudishie wenye duka. Walimuuzia mtoto feki."

"Feki gani?"

"Nilienda kwa fundi, akasema ni feki. Si makosa ya kijana."

Yule mzee hakupaza sauti. Ningependa angepaza. "Ulipeleka ruracio yetu kwa fundi ikapimwe," akasema. Halafu akamgeukia kijana. "Na wewe. Ile tulichanga ni feki ama ni orijino?"

Kijana alikuwa ameingiza mkono mfukoni, na mkono haukutoka. Halafu wote wakaniangalia mimi, kwa sababu mimi ndiye msemaji, na neno kama hilo likianguka katikati ya wakwe, mtu wa kuliokota ni mimi. Nilitafuta. Nikisema kijana alijua, nimemuua mbele ya aliyemlea. Nikisema aliibiwa, baba mdogo atasema twende dukani sasa hivi. Nikisema fundi ni mwongo, basi wakini amewatukana wakwe zake bure. Na nikisema ukweli wote, kwamba hakuna mtu hapo aliyemdharau mwingine, nani angenisikia na kisanduku kile kiko mezani. Nikafungua mdomo. Nikasema, "Tuseme hivi." Mpaka leo sijui nilitaka tuseme vipi.

Binti alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na mtoto kiunoni, anaangalia kisanduku, si watu. Yeye pia analijua hilo neno moja.

Kijana akasimama. Akachukua kisanduku.

"Nakuja," akasema.

"Unaenda wapi na chai iko hapa?" binti akamuuliza.

"Nakuja."

Wakini alifurahi. Huo ndio uchungu wangu mkubwa, alifurahi. Akanigonga goti. "Umeona mtoto mwepesi? Anaenda kuwarudishia leo leo."

Nilitoka mpaka getini. Kijana alikuwa anatembea katikati ya barabara ya vumbi, kisanduku chini ya kwapa kama Biblia, saa iliyokufa ndani yake na iliyo hai mfukoni. Watu wa boda walimwita, hakugeuka. Nilimwita mimi pia, kwa sauti ya mzee, haikufika. Alipita tangi la maji, akapita bucha, akakata kona ya kuelekea barabara kubwa.